Nilivyoiingiza lulanga kwenye kompyuta bila kuinyoosha

Ninafundisha muziki hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na usiku ninatunga kwa kompyuta. Alan Merriam, mtafiti wa Marekani, alirekodi muziki wa Bashi, watu wa huku kwetu, mwaka 1951 na 1952, lakini wanafunzi wangu wengi wanaotoka Kabare na Walungu, maeneo ya Bashi, hawajawahi kuigusa lulanga, chombo chao cha nyuzi. Hilo liliniuma. Nikataka kuandika kipande ambacho ndani yake lulanga na mashini zinazungumza.

Nilimpata mzee mmoja wa Kabare. Lulanga yake ni ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo, na uzi mmoja mrefu umepitishwa kwenye meno ya ncha zote mbili, kwenda na kurudi, mpaka zikawa nyuzi nane. Nilimrekodi sebuleni kwake, chombo kikiwa mapajani. Nyumbani nikaziingiza sauti kwenye programu ya kutungia, nayo ikaivuta kila moja mpaka kwenye kitufe cha piano kilicho karibu. Nikaona ni safi. Nilipomrudishia asikilize, alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Mwana, hii inaimba kizungu.”

Nilirudi nyuma kabisa, nikaanza kupima. Umbali kati ya sauti na sauti hupimwa kwa senti. Oktava moja, yaani kutoka sauti moja hadi ile yenye mtetemo wa kasi mara mbili, ina senti 1200, na piano huigawa vipande 12 vya senti 100 kila kimoja. Nyuzi za mzee hazikukaa kwenye vipande hivyo. Nafasi moja ilitoka senti 231, na piano haina pa kuiweka. Nikamrekodi tena siku mbili nyingine, na hapo nikachanganyikiwa, kwa sababu masafa yote, yaani idadi ya mitetemo ya kila uzi kwa sekunde (hezi), yalikuwa yameshuka. Nilidhani uzi umelegea. Nilipomuuliza alishangaa: “Leo niko na mafua. Nitaimba juu namna gani?” Kumbe anaikaza lulanga kwa kufuata koo lake la siku hiyo! Lakini nafasi kati ya uzi na uzi zilikuwa karibu zile zile siku zote tatu. Basi nikalifuta jedwali langu la hezi, nikahifadhi nafasi peke yake. Uzi wa kwanza nikauacha huru, mwimbaji auweke anapotaka. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi ilipoanza kweli.

Kutengeneza sauti yenyewe nilitumia Pure Data, programu ya bure ya Miller Puckette, ambayo hata kompyuta yangu kuukuu inaiweza. Njia niliyofuata ni ya watafiti Karplus na Strong, waliyoitangaza mwaka 1983: unachukua kelele fupi, unaizungusha kwenye kitanzi, na kila mzunguko unailainisha kidogo, mpaka masikio yasikie uzi uliodonolewa. Urefu wa kitanzi ndio unaoamua sauti iwe juu au chini: kikiwa kirefu, sauti hushuka. Kompyuta huipima sauti mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, kitanzi cha sampuli 200 hutoa karibu hezi 220.

Nikampelekea tena. Safari hii alitikisa kichwa akifuata, halafu akanyoosha kidole: “Ule wa juu kabisa umelegea.” Nilikuwa na hakika kwamba hesabu yangu iko sawa. Nikakagua usiku ule, na mzee alikuwa sahihi. Kitanzi changu hakikukubali nusu ya sampuli, kwa hiyo urefu wake ulisogezwa hadi sampuli nzima. Kwenye uzi wa chini wenye sampuli 400, sampuli moja ya ziada hushusha sauti kwa senti 4 tu, lakini kwenye uzi wa juu wenye sampuli 150 hushusha kwa zaidi ya senti 11. Sikio lake lililisikia kosa ambalo mimi, mwenye vipimo vyote, nililipita. Niliongeza kichujio kinachochelewesha sauti kwa sehemu ya sampuli, na uzi ukakaa.

Kuna nyimbo mbili alizonikatalia, za sifa za ukoo wao. Zile sikuzirekodi kabisa. Nyingine zote ziko kwenye diski yangu na kwenye kadi anayoitunza binti yake, kila faili ikiwa na jina la mzee na tarehe.

Kipande chenyewe kina dakika kumi na moja sasa. Hakianzi mpaka mzee akaze uzi wake wa kwanza: mashini inausikiliza, inazipanga nyuzi zake saba zilizobaki kwa kuufuata, ndipo inaingia.