Nilivyotafuta plastiki ndani ya kombe wa Kunduchi

Ukitaka kujua bahari ya Dar imebeba plastiki kiasi gani, kuchota maji hakukusaidii sana. Ulichochota asubuhi, mchana kimeshaondoka na kupwa. Kombe, yule mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, haendi popote. Amejichimbia mchangani, anavuta maji, anachuja chakula, na chembe za plastiki zisizofika milimita 5 zinaingia humohumo. Marekani inatumia kome na chaza, jamaa zake kombe, kupima metali na viuatilifu kwenye pwani zake tangu 1986. Mimi nilitaka kombe wetu waniambie habari za plastiki.

Kuwapata kulihitaji mtu anayeijua pwani. Nilimpigia mama mmoja wa Kunduchi anayeokota kombe tangu usichana wake, nikamwomba twende Jumamosi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jumamosi hiyo ni maji mafu, mwanangu, utaokota nini? Ngoja bamvua."

Maji mafu bahari haikupwi mbali; bamvua ndipo inapotoka sana. Tukangoja. Bahari ilipokupwa sawasawa, pale nilipoona mchanga mtupu yeye aliona upenyo mwembamba, akatia kisu na kuibua kombe mwenye mifuo mgongoni na manyoya ya kahawia pembeni. Nilimwomba asiwatie kwenye kiroba, maana kiroba chenyewe kinamwaga nyuzi za plastiki. Nilikuja na sufuria yenye mfuniko. Alicheka sana, ila alikubali.

Maabara, kazi ya kwanza ni kuiyeyusha nyama. Kombe hawa wana damu nyekundu, kwa hiyo meza inatisha kidogo. Kila mmoja anapimwa uzito, anaingia kwenye chupa ya kioo yenye haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, kemikali inayoyeyusha nyama, na chupa inakaa kwenye joto la sentigredi 40. Siku mbili hivi, nyama imegeuka maji ya kahawia na plastiki nyingi zimebaki nzima. Ukiwa na haraka ukapandisha joto, poliesta, plastiki ya nguo, huanza kuliwa na kemikali hiyo. Baadaye unachuja, unaweka karatasi ya kuchujia chini ya hadubini.

Hapo ndipo penye kazi. Unaona uzi wa bluu: umetoka baharini au kwenye suruali yako? Nilivaa koti la pamba, nikachuja hata maji ya kusuuzia vyombo, nikazima feni (jaribu hilo Dar mwezi wa Februari). Kila kundi la chupa lilikwenda na chupa moja isiyo na kombe, ikipitia hatua zote zilezile. Kinachoonekana humo nakitoa kwenye hesabu. Anayeruka chupa hiyo, kwa maoni yangu, anapima vumbi la chumba chake. Uzi wenye shaka naugusa kwa sindano ya moto: plastiki huyeyuka au kujikunja, pamba haiyeyuki.

Kombe naye ana uchaguzi wake. Chembe kubwa huzifunga kwenye ute na kuzitema kabla hajazimeza, kwa hiyo nalinganisha kombe kwa kombe wa ukubwa mmoja, si kombe na maji.

Mama aliniuliza kama watu waache kula kombe. Sikumkataza. Ila aliniambia huwa anawalaza kwenye maji safi ya bahari wateme mchanga kabla ya kupika, na bila shaka baadhi ya plastiki hutoka nao. Sasa natenga mafungu mawili: wa kwanza wanakwenda moja kwa moja kwenye friza, wanisemee bahari; wa pili wanalala kwenye beseni lake la bati kwanza, wanisemee sahani.