Jinsi nilivyopata majina ya picha ya kozi yetu Monduli

Picha yenyewe haina maandishi nyuma. Ni ya mwanzoni mwa miaka ya 80, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mchwa. Ni sisi, maafisa wanafunzi wa chuo cha jeshi cha Monduli, katika mistari mitatu, siku chache kabla ya kuvaa nyota ya luteni usu. Umoja wetu wa kozi, ambao miaka yote ulikuwa wa kuzikana na kuchangiana matibabu, uliamua safari hii tukipelekee chuo kumbukumbu yetu, na kazi ya majina nikapewa mimi. Kwamba Kikwete alifundisha siasa pale Monduli, watu wanajua. Wenzetu waliostaafu wakiwa makapteni wakafia vijijini kwao, nani atawajua?

Nilianza vibaya. Niliirusha picha kwenye kundi letu la WhatsApp nikaomba kila mmoja ataje anaowakumbuka. Kufika jioni, mtu mmoja wa mstari wa nyuma alikuwa na majina manne, na wazee wawili hawasemeshani.

Mwenzetu mmoja akanishauri nimpe kijana wa kompyuta aisafishe. Ushauri huo unanikera mpaka leo. Picha ilirudi inang'aa, vifungo vinahesabika, macho yanaonekana, lakini sura zile si zetu! Mashine imejitungia watu. Elfu hamsini hivi ikaenda bure. Mwenye picha ya zamani, tafadhali iskani kama ilivyo, pamoja na mikwaruzo yake.

Jibu nililipata shuleni kwa mjukuu wangu, nikimtazama mwalimu akipanga watoto wa gwaride: warefu kulia, wafupi kushoto. Nilisimama pale pale. Sisi nasi tulipangwa kwa kimo! Kwanza mstari mmoja, mnahesabu, kisha namba witiri hatua mbele, namba shufwa hatua nyuma, halafu mistari hiyo miwili inakunjwa kuwa mitatu. Witiri wanaingia wakiongozwa na mrefu wao; shufwa wanafuata wakiongozwa na mfupi wao. Ndiyo maana kikosi kikikamilika warefu wako ncha zote mbili na wafupi wako katikati. Namba moja na namba mbili, waliohesabu bega kwa bega, wanaachana kabisa.

Nikaitazama picha upya. Ndivyo ilivyo, mabega yanashuka hadi katikati kisha yanapanda tena.

Basi nikaacha kuuliza "huyu ni nani?" Nikawa napiga simu nauliza, "Afande, kwenye gwaride kulia kwako alisimama nani?" Sura husahaulika. Lakini mtu uliyemgeuzia kichwa kila alfajiri ili kunyoosha mstari, katika baridi ile ya Monduli na ukungu umefunika milima, huyo humsahau. Majina yakaanza kushikana kama shanga. Ila aliye kulia mstarini, kwenye picha yuko kushoto. Hilo lilinipotezea wiki nzima na ilibidi nirudie simu zote.

Wale wazee wawili waliogombana ndio walikuwa warefu kuliko sote. Kila mmoja aliapa kwamba alisimama na mwenzake, na picha ikawa inawakatalia. Nilipowaeleza habari ya kuhesabu, mmoja alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe alikuwa namba mbili wangu." Wanaongea sasa.

Ukitaka kufanya hivi, anza na wazee kuliko wote, na piga asubuhi, kabla dawa hazijawalaza. Simu, kuchapisha, fremu na nauli ya Dar hadi Arusha na kuendelea Monduli, labda laki tatu na kitu.

Nafasi moja ilibaki wazi, mstari wa kati, namba 17. Jina la utani tulilijua sote, jina lake hakuna. Niligoma kuandika la utani kwenye kitu kinachokwenda chuoni. Nikamtafuta mjane wake, yuko karibu na Songea, nikamtumia picha bila kumwonyesha ni yupi. Alipiga baada ya dakika mbili. Akanitajia majina yote matatu, la kwake, la baba na la babu, taratibu, huku mimi naandika, kisha akaniomba nimsomee.