Umelipia kifurushi kisicho na matangazo, mbona tangazo bado linakuja?

Hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Buzuruga, malalamiko ni yale yale: mtu kalipia kifurushi kisicho na matangazo, mwezi haujaisha, anasikia mtu anamuuzia sabuni katikati ya kipindi. Wengi husema wametapeliwa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, tangazo hilo liliruhusiwa kwenye masharti, ile aya ambayo kila mtu huipita akiwahi kubonyeza "Nakubali". Kabla hujagombana na mtu, jua kwanza ni tangazo la aina gani, maana kila aina ina mhusika wake.

Chukua Spotify, huduma ya muziki na podikasti iliyoingia Tanzania Februari 2021. Premium, kifurushi chake cha kulipia, huondoa matangazo kati ya nyimbo. Kwenye podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni, mambo ni tofauti: mtangazaji akisoma ujumbe wa mdhamini kwa sauti yake, ujumbe huo umerekodiwa ndani ya kipindi na ni sehemu ya faili. Ukipakua kipindi ukiwa Kirumba ili ukisikilize kwenye meli ya Nansio, tangazo unapanda nalo. YouTube Premium ni hivyo hivyo. Inaondoa matangazo yanayopachikwa na YouTube, lakini haigusi maneno ya mwenye chaneli anayemsifia mdhamini wake. Hapo sogeza tu mbele. Toleo lake la bei nafuu, Lite, lililoanza kuuzwa Marekani Machi 2025 kwa dola 7.99, liliacha matangazo kwenye muziki, kwenye Shorts (video fupi) na unapotafuta video. Anayejiunga nalo kwa ajili ya muziki amenunua kitu kisichomfaa, ingawa hakuna aliyemdanganya.

Mechi za mubashara ni kundi jingine. Matangazo ya biashara yanakuja ndani ya kile kinachorushwa na kituo chenyewe, na huduma nyingi huyaweka kwenye orodha ya yasiyoondolewa.

Halafu kuna suala la haki za maudhui. Mwaka 2015, Hulu, huduma ya video ya Marekani, ilipoanzisha kifurushi kisicho na matangazo, tamthilia chache ziliachwa nje kwa sababu ya mikataba na wenye nazo, zikawa na tangazo fupi mwanzoni na mwishoni. Angalau walilisema wazi. Kinachoudhi zaidi ni kubadilishiwa ukiwa umeshalipa. Tarehe 29 Januari 2024 Amazon iliingiza matangazo kwenye huduma yake ya video, Prime Video, huko Marekani na kutaka dola 2.99 zaidi kwa mwezi kwa asiyeyataka. Hata aliyeongeza hizo fedha, matangazo ya biashara kwenye michezo ya mubashara yalibaki. Wateja walishitaki, na Februari 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho aliitupa kesi, kwa kuwa masharti waliyoyakubali yaliiruhusu kampuni kubadili huduma. Kwa maoni yangu kile kipengele cha "tunaweza kubadilisha huduma wakati wowote" ndicho cha kusoma kwanza, hata kabla ya bei.

Sasa pima tangazo lako. Gusa mstari wa muda chini ya video: ukiweza kulivuta tangazo likapita, limo ndani ya maudhui. Mstari ukiwa wa njano na ukagoma kusogea, YouTube ndiyo imelipachika, na hapo una hoja. Kisha angalia akaunti. Simu inaweza kuwa na barua pepe mbili, malipo yako kwenye moja, na televisheni ya sebuleni imefunguliwa kwa ile nyingine. Kosa jingine la kila siku ni kadi ya mtandaoni inayolipa kwa pesa za simu. Siku ya kujirudia kwa malipo ikikuta salio halitoshi, malipo hukataliwa na akaunti hurudi kwenye daraja la bure, ujumbe wa taarifa ukiwa umelala kwenye barua pepe usiyoifungua.

Usidhani ni usumbufu wa masikio tu. Video inayotiririka kwa megabiti 2.5 kwa sekunde hula takriban MB 9 kwa tangazo la sekunde 30. Bando ni lako, anayefaidi ni mwingine.

Ukithibitisha kwamba tangazo ni la huduma yenyewe na halimo kwenye orodha ya yaliyoruhusiwa, piga skrinishoti tatu: tangazo likionyesha saa na jina la kipindi, ukurasa wa kifurushi chako, na ujumbe wa muamala. Ongeza ya nne, ukurasa wa mauzo wenye ahadi, maana hubadilishwa kimyakimya. Andikia huduma kwanza. Kama ulilipa kupitia Google Play, omba kurudishiwa fedha ndani ya saa 48. Baada ya hapo unaelekezwa kwa mwenye programu.

Kisheria, Sheria ya Ushindani ya 2003, kifungu cha 15, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoweza kupotosha, na cha 16 kinagusa kauli za uongo kuhusu bidhaa na huduma. Kuandika "bila matangazo" kwa herufi kubwa na kuficha masharti yake chini kabisa kunaweza kuangukia hapo. Hilo peleka Tume ya Ushindani, FCC. Kama ulikatwa salio la simu kwa huduma ya muziki au video ya mtandao wako, peleka kwa mtandao wenyewe kwanza, kisha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. FCC na TCRA zina ofisi za Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Dhidi ya kampuni isiyo na ofisi nchini, nisikudanganye, kudai fedha kupitia njia uliyolipia kunafanya kazi haraka kuliko tume.

Wanaouza "premium" ya bei ya kutupa kwenye magrupu ya WhatsApp wanakupa nafasi kwenye akaunti ya familia ya mtu usiyemjua. Ukiondolewa au matangazo yakirudi, mkataba wa kusoma haupo.

Na ukiamua kuacha, kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Ingia Google Play, gusa picha ya wasifu, chagua malipo na usajili, kisha sitisha. Huduma itaendelea hadi muda uliolipia uishe, kwa hiyo sitisha leo, usisubiri tarehe.