LLM, JD, au usilipe kitu kwanza

Mwanafunzi wa sheria Tanzania hukaririshwa tarehe moja mwaka wa kwanza: 22 Julai 1920. Sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa siku hiyo ndiyo iliyopokelewa Tanganyika. Tuliikariri, tukaitapika kwenye mtihani, tukaisahau. Sikujua kama ingekuja kunifaa Bronx, New York, nikiwa nimevaa sare ya kulea wazee.

Nilifika Marekani kwa mgongo wa mume wangu, Baba Neema, aliyeshinda bahati nasibu ya viza. Nyumbani nilikuwa wakili wa miaka sita, mwenye joho lake na mhuri wake. Hapa, wiki ya tatu tu, nikaanza kubeba maboksi kama wenzangu, ila boksi langu lilikuwa mtu: bibi wa miaka themanini na tisa aliyeniuliza jina kila asubuhi na kulipenda kila asubuhi. Kazi haikuwa mbaya. Ila ukitoka shifti ya usiku ukapita mbele ya mahakama, ukaona mawakili wanavuta mabegi yao ya magurudumu wakipanda ngazi, kuna kitu kinakunyonga kooni.

Kila niliyemuuliza nifanyeje niwe wakili huku alinijibu neno moja: LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria. Kwetu LLM ni ya kupanda cheo au kufundisha chuo. Huku inauzwa kama daraja, mwaka mmoja tu, mihula miwili, unavuka. Nikaomba chuo kimoja, nikapata. Ada ilizidi dola 60,000, na walitaka amana ndani ya wiki mbili ili wanishikie nafasi.

Nilimpigia afisa wao wa udahili nikamuuliza swali moja: bila shahada yenu, siruhusiwi kufanya mtihani wa uwakili? Akajibu kwa upole sana kwamba wahitimu wao wengi huufanya. Mtu aliyewahi kuhoji mashahidi anajua jibu lililokwepa swali. Nyumbani ningesimama nimwombe hakimu amwelekeze shahidi ajibu alichoulizwa. Kwenye simu nikasema asante.

(Mtihani wenyewe wanauita baa. Baba Neema hucheka mpaka leo nikisema nilikesha nikisomea baa. Lakini neno hilo kwetu lina maana mbili, na kwangu ulikuwa wa maana ile ya pili, ya janga.)

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikaacha kusoma matangazo ya vyuo nikasoma kanuni. New York ni Kanuni ya 520.6 ya Mahakama ya Rufani ya jimbo. Inauliza mambo mawili kuhusu shahada yako ya nje. Je, muda wake unalingana na wa Marekani, yaani miaka isiyopungua mitatu ya kukaa darasani? Je, maudhui yake ni ya mfumo wa sheria wa Kiingereza? Ukiwa na yote mawili, huhitaji shahada nyingine. Ukipungukiwa na moja, LLM ya chuo kilichoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani inaziba pengo. Ukipungukiwa na yote mawili, LLM haikusaidii kitu, hata ungeisomea chuo chenye jina kubwa kiasi gani.

Nilisoma ibara ile mara tatu nikiwa nimesimama jikoni. Miaka minne ya LLB, shahada yangu ya kwanza ya sheria, darasani kila siku. Mfumo wa Kiingereza, 22 Julai 1920. Nilikuwa nakaribia kukopa dola elfu sitini kununua kitu nilichokuwa nacho tayari kwenye sanduku chini ya kitanda.

Lakini wewe kujiona una sifa ni jambo moja, na Bodi ya Watahini wa Sheria ya New York kukuandikia kwamba unazo ni jambo jingine. Wanataka matokeo yako ya chuo yatoke chuoni moja kwa moja mpaka kwao, yasipite mkononi mwako. Nikampigia niliyesoma naye. "Msomi," akaniambia, "hilo dogo, kesho naamkia pale." Aliamkia kweli, mara tano. Mwisho karani akamkabidhi bahasha, naye kwa wema wake akanitumia mimi kwa ndege. Ilikuwa bahasha ya kaki, mihuri miwili ya zambarau imepigwa juu ya mkunjo, nusu huku nusu kule. Na mimi kwa furaha ya kuona mhuri wa nyumbani, nikaichana.

Miezi minne ilipotea pale. Tukaanza upya, safari hii chuo kikatuma chenyewe.

Jibu la Bodi lilikuwa la kurasa mbili, na neno nililolitafuta lilikuwa kwenye aya ya pili. Nimeruhusiwa, bila LLM.

Nisiwadanganye, LLM ina watu wake. Mwenzangu wa kazini ni mwanasheria kutoka Burundi, na mafunzo yake ni ya mfumo walioachiwa na Wabelgiji. Muda wa shahada yake unatosha, maudhui hayakubaliki, kwa hiyo kwake LLM ni lazima. Hata hivyo si LLM yoyote. New York wanataka angalau krediti 24, na ndani yake ziwemo mbili za maadili ya uwakili, mbili za utafiti na uandishi wa kisheria, mbili za utangulizi wa sheria ya Marekani, na sita za masomo yanayotahiniwa. Ukisoma ile ya kodi tupu au ya haki za binadamu tupu bila kupanga hizo krediti, utarudi na cheti cha kutundika ukutani. Na aliyesomea LLB yake kwa masafa, nyumbani au popote, aulize kabla hajalipa hata senti, kwa sababu masomo ya aina hiyo hayahesabiki.

Jambo jingine ambalo watu hulikosea ni majimbo. Kila jimbo lina mlango wake na bawabu wake. California humruhusu wakili aliyesajiliwa nje kufanya mtihani wao bila LLM. Yapo majimbo yasiyotaka kusikia chochote chini ya JD, shahada ya sheria wanayosoma mawakili wa Marekani wenyewe. Alama za mtihani wa New York unaweza kuzihamishia majimbo mengine mengi, lakini kinachohama ni alama tu. Sifa ya kupokelewa kule unaitafuta upya, na wengi hugundua hivyo wakiwa wameshahama na watoto wameshaanza shule.

JD niliifikiria kwa uzito kuliko ninavyokiri mbele ya watu. Miaka mitatu, unaanza kama mtoto. Vyuo vingine humpunguzia aliyesoma sheria nje, mpaka theluthi moja ya krediti, ukamaliza kwa miaka miwili. Faida yake ni soko. Ofisi kubwa huchukua wanafunzi wa JD kwa kazi za kiangazi, kisha hao hao huwaajiri. Mwenye LLM hubaki kugombania viti vichache vilivyosalia, na mwenye LLB ya nje kama mimi haitwi hata kwenye usaili. Nilijua. Nilikuwa na miaka thelathini na nane na watoto wawili, na sikuwa nataka ofisi kubwa. Ningekuwa na ishirini na tano ningejibu vingine.

Mtihani ni siku mbili. Siku moja uandishi, siku ya pili maswali 200 ya kuchagua, na New York unapita kwa 266 kati ya 400. Ada kwa aliyesoma nje ilikuwa dola 750. Kwenye mikataba na madhara nilikuwa nyumbani, ile kesi ya konokono kwenye chupa ya soda niliyoisoma nyumbani ilinifuata mpaka Manhattan. Kilichonipiga ni baraza la wazee wao, yaani juri. Mimi nilizoea wazee washauri wanaotoa maoni na jaji anaamua. Hapa raia wa kawaida waliookotwa kwenye orodha ndio wanaoamua ukweli, na nusu ya kanuni za ushahidi zipo ili kuwaziba masikio. Mara ya kwanza nilipata 251. Nililia bafuni, bomba nimelifungulia Neema asisikie. Mara ya pili, 272.

Bado kuna mtihani wa maadili, alama 85, na saa 50 za kutoa msaada wa kisheria bure kabla hujaapishwa. Hizo saa 50 ndizo zilizonipa kazi. Nilizifanya kwenye kituo cha wahamiaji, siku ya kwanza nikakuta familia ya Kikongo imekaa na mkalimani wa Kifaransa ambaye mama wa familia alikuwa hamwelewi vizuri. Nikamwambia, "Shikamoo mama, sema tu Kiswahili." Alinishika mkono hakuuachia mpaka saa sita. Leo niko kwenye ofisi ndogo ya sheria za uhamiaji, watu wanne na mashine moja ya kutolea nakala inayokwama. Uhamiaji ni sheria ya shirikisho, hivyo leseni ya jimbo moja inanifikisha kwenye mahakama za uhamiaji za nchi nzima.

Mwezi uliopita alikuja shemeji yangu, mdogo wake Baba Neema, LLB yake bado inanukia wino. Anataka ofisi kubwa, mikataba ya mabenki, suti. Nilimwambia JD, na nikamwonyesha hesabu ya mkopo bila kumficha: kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, serikali haikopeshi mwanafunzi wa JD zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na ada ya vyuo anavyovitaka imezidi 70,000. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Shemeji, vile vitabu vya LSAT, mtihani wa kuingilia JD, vinauzwa wapi?"