Siku Moja Maishani Mwangu: Somo la Washauri wa Uchumi, Kuanzia Mwaloni

Saa 11:30 alfajiri. Ninaamka kumalizia maandalizi ya kipindi cha leo, ambayo jana usiku yalikatizwa na kukatika kwa umeme. Mada ni kazi ya baraza la ushauri wa uchumi kwa kiongozi wa serikali.

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya kupanda daladala ya Nyegezi ninapita Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, kununua dagaa. Mama ninayenunua kwake anawageuza juani: wa juu wanang'aa kama fedha, lakini wa chini, walionyeshewa jana, wameingia rangi ya udongo na wataishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. "Mwalimu, hasara hii nani anaijua huko juu?" ananiuliza huku akinifungia kilo moja. Nimepata mwanzo wa kipindi.

Saa 3:00 asubuhi. Ninawaeleza wanafunzi kwamba waziri wa uvuvi angeomba vichanja vya kuanikia, wa fedha angetazama gharama yake, wa ujenzi angetaka barabara kwanza, na kila mmoja ana fungu lake la bajeti la kutetea. Baraza halina fungu, ndiyo maana linaweza kuyapima yote kwa pamoja na kumwambia mkubwa asilopenda kulisikia. Marekani ilianzisha lake kwa sheria ya mwaka 1946, likiwa na wajumbe watatu katika Ofisi ya Rais. India ina la Waziri Mkuu, lililoundwa upya mwaka 2017.

Kijana wa nyuma ananyoosha mkono: "Mwalimu, kama hawaamui chochote, wanalipwa kwa lipi?" Darasa linacheka. Ninamjibu kwa mfano wa Ujerumani, ambako sheria ya mwaka 1963 iliweka wataalamu watano wa kutoa ripoti kila mwaka, ikawazuia hata kupendekeza hatua mahususi, ikamruhusu mwenye maoni tofauti ayaandike humohumo, kisha ikaitaka serikali ijibu ndani ya wiki nane. Kwangu mimi uzito wote uko katika hizo wiki nane, kwa sababu ushauri usiodaiwa jibu, hata ukiwa wa bingwa, hufungiwa kabatini (na makabati ya ofisini tunayajua).

Saa 7:00 mchana. Wali na sato, haraka.

Saa 10:00 jioni. Ninalifuta swali la zoezi lililosema "taja majukumu ya baraza". Sasa nusu ya darasa wataandika ukurasa mmoja kwa kiongozi wa serikali kuhusu dagaa walionyeshewa Mwaloni, na nusu nyingine watajibu kama serikali. Nimewapa wiki moja, si nane.