Njia ya madhabahuni ilipita sebuleni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekosa usingizi kwa ajili ya ndoa moja. Ni vijana ambao mimi na mume wangu tuliwasimamia. Tulisimama nao madhabahuni, tukaweka sahihi zetu kwenye cheti chao, na Krismasi haipiti bila wao kutuletea watoto tuwaone. Ujumbe wa mke ulitufikia tukiwa ndiyo kwanza tumetua Amsterdam: “Mama, nimechoka, narudi kwetu.” Siwataji, wala msikae mkikisia ni akina nani. Wote wawili ni watumishi. Mume anajulikana kwa maombi ya mkesha, na mke hakosi zamu yake kwenye ibada za wanawake. Nilipompigia nilimuuliza, “Mwanangu, mara ya mwisho mmeomba pamoja, ninyi wawili tu, ilikuwa lini?” Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mama, sisi huwa tunaombea kanisani.”

Jibu hilo nimetembea nalo mji mzima.

Safari yenyewe ni zawadi ya binti yetu, muuguzi huko Ujerumani. Alitukatia tiketi ya meli ya mto Rhine, kutoka Amsterdam hadi Basel kule Uswisi, akataka tutangulie siku chache tuuone mji kabla ya kupanda. Na mji ni mzuri, Mungu atukuzwe. Mifereji mikubwa, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilichimbwa karne ya 17 ikauzunguka mji wa kale kama nusu duara, na tangu 2010 eneo hilo limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nyumba ni nyembamba na ndefu, zimebanana, zimesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye udongo laini. Kasri la Kifalme pale uwanja wa Dam peke yake lina magogo 13,659 chini yake. Huko juu, karibu na paa, nyumba nyingi zina boriti iliyotokeza nje na ndoano yake, kwa kuwa ngazi za ndani ni finyu na zimesimama wima kiasi kwamba kabati halipiti. Mume wangu, Baba Neema, alisimama kando ya mfereji akitazama watu wanavuta kochi kwa kamba hadi ghorofa ya tatu, wakaliingiza dirishani. Hakuondoka mpaka lilipoingia lote.

Tulipanda boti pia, tukapita mbele ya kanisa la Westerkerk alikozikwa mchoraji Rembrandt mwaka 1669, katika kaburi lisilojulikana lilipo hasa. Hapo hapo jirani ni nyumba ambamo Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara, na jamaa zake walijificha wasikamatwe na Wanazi kuanzia Julai 1942 hadi walipokamatwa Agosti 1944. Hayo yana tafakari yake siku nyingine. Mimi Roho alinisimamisha mahali pengine.

Kando ya mfereji wa Oudezijds Voorburgwal, si mbali na kituo kikuu cha treni, kuna nyumba ambayo ukiitazama kwa nje huoni tofauti yake na za jirani. Mtaa wenyewe ni ule wa madirisha yenye taa nyekundu, ambako wanawake husimama wakisubiri wateja. Tulipita tukiwaombea mabinti wale, maana kila mmoja ana mama yake mahali fulani. Nyumba hiyo leo ni makumbusho, na jina lake ni Bwana Wetu Mpendwa Darini. Waprotestanti walipoushika mji mwaka 1578, Wakatoliki walinyang’anywa makanisa na kukatazwa kuabudu hadharani. Mwaka 1661 mfanyabiashara Mkatoliki aliyetokea Ujerumani, Jan Hartman, alinunua nyumba hii pamoja na mbili zilizo nyuma yake, akaziunganisha huko juu chini ya paa, na kufikia 1663 alikuwa na kanisa kamili juu ya vyumba walimolala watu. Wakuu wa mji walijua. Waliwavumilia ilimradi lisionekane kutoka barabarani. (Sisi Walutheri wakati huo tulikuwa na kanisa letu la wazi pale uwanja wa Spui tangu 1633, kwa hiyo tusome habari hii kwa unyenyekevu, kuna ndugu waliokuwa wakipanda ngazi gizani wakati sisi tunaingia kwa mlango wa mbele.)

Mgeni wa leo hupitishwa nyumbani kwanza. Unaingia sebule kubwa ya kupokelea wageni, yenye mahali pa moto pa nguzo mbili na dari ya mbao iliyochongwa kwa miraba. Unapita vyumba, unaona kitanda kilichojengwa ndani ya ukuta kama kabati. Unapanda ngazi, unapanda tena, magoti yanalalamika, na ghafla uko kanisani: kuta za rangi ya waridi, roshani pande zote mbili, madhabahu yenye mchoro mkubwa wa Jacob de Wit wa ubatizo wa Bwana. Mimbari huioni. Imefichwa ndani ya kitako cha nguzo ya madhabahu, na padre akitaka kuhubiri inavutwa nje, akimaliza inarudishwa. Baba Neema aliinama kutafuta mahali inapofungukia.

Mimi nilikaa kwenye benchi nikamfikiria yule binti na jibu lake. Waumini wa mtaani waliingia kwa mlango wa uchochoroni. Lakini watu wa nyumba hii walikuwa na kanisa juu ya vichwa vyao. Njia yao ya kwenda madhabahuni ilianzia pale walipokula, walipopokea wageni, walipozozana kuhusu fedha na watoto. Aliyekukosea asubuhi sebuleni ndiye uliyepiga naye magoti juu. Hapakuwa na safari ndefu ya kukufanya usahau, wala sare ya kwaya ya kukufunika.

Sasa fungueni 1 Petro 3:7. Mtume anawaambia waume wakae na wake zao kwa akili, wakiwapa heshima kama warithi pamoja wa neema ya uzima, “kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe.” Mstari huu tunausoma kwenye kila harusi, tena tunaupitia mbio. Petro anasema maombi yanaweza kuzuiliwa, na kizuizi anachokitaja hapa kiko sebuleni kwako. Ni jinsi unavyomjibu mke wako mbele ya watoto. Ni fedha unazoficha. Na dada yangu, ni ile simu unayoigeuza kifudifudi mumeo akiingia.

Baba unayekesha Ijumaa kanisani, ukawaombea wagonjwa wakasimama, ukarudi alfajiri na mke wako hajui hata ulikuwa unaomba nini: Petro anazungumza na wewe. Mama unayefunga siku tatu kwa ajili ya taifa, na mumeo wiki nzima humsemeshi: hiyo saumu inaishia darini. Nasema kwa upendo, lakini nasema. Tumejenga makanisa makubwa, milango iko wazi, vipaza sauti vinasikika mpaka sokoni, hakuna askari anayetuzuia. Kisha tunaamini kuwa kwa sababu Mungu yuko pale, nyumbani anaweza kungoja. Wale walioitoa mwaka hadi mwaka sehemu ya nyumba yao kwa ajili ya Mungu hawakuwa na nafasi ya kuchezea. Nyumba zile ni finyu! Paulo akiandika 1 Wakorintho 16:19 anapeleka salamu za Akila na Priska “pamoja na kanisa lililo katika nyumba yao”, na hao walikuwa mafundi wa mahema, watu waliofukuzwa Rumi, waliohamahama kwa riziki. Kanisa lilihama nao.

Nitawaambia ninalolijua mwenyewe. Baba Neema alipopunguzwa kazini, tulikuwa tumepanga vyumba viwili Tabata, Dar es Salaam, na watoto bado wadogo. Mimi nilikuwa nauza vitumbua asubuhi. Mahali pekee tulipoweza kuomba ni jikoni, watoto wakishalala, tumesimama kati ya ndoo za maji na jiko la mkaa ambalo bado lina moto, tena kwa kunong’ona kwa sababu mpangaji mwenzetu alitenganishwa nasi kwa bodi tu. Kuna usiku tulifika pale tumenuniana. Mume wangu alikuwa na utaratibu wa kuanza na Sala ya Bwana, na wapendwa, jaribuni kumshika mkono mtu mliyenuniana naye mkasema Baba Yetu. Unakwenda vizuri mpaka “kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu.” Hapo sauti inakataa. Alikuwa akifika hapo ananyamaza, anasema, “Mama Neema, tusiendelee kwanza.” Tunakaa chini kwenye vigoda, tunasemezana mpaka tumalize, saa nyingine mpaka saa saba za usiku, kisha tunarudia sala tangu mwanzo.

Kazi haikurudi upesi, sitawadanganya. Lakini ndoa yetu ilijengwa pale jikoni. Harusi iliifungua tu.

Jambo moja la mji huu nisilipite, ingawa ni fupi. Kwenye mfereji wa Herengracht, namba 502, ndiko makazi rasmi ya meya. Nyumba ile ilijengwa karne hiyo hiyo ya 17 kwa ajili ya Paulus Godin, mkurugenzi katika Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi, iliyosafirisha Waafrika utumwani. Tarehe 1 Julai 2021 meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya mji, na tarehe hiyo hiyo 2023 Mfalme Willem-Alexander wa Uholanzi naye akaomba radhi. Mume wangu alipoisoma habari hiyo alinitajia Isaya 1:15: “mwombapo maombi mengi, sitasikia, mikono yenu imejaa damu.” Ni maombi yaliyozuiliwa tena, kwa yale waliyotendewa wanadamu wengine. Na wewe msichana wako wa kazi anakula wapi wakati mnaimba pambio?

Turudi nyumbani. Mume na mke mnaosoma hili, usiku wa leo ombeni pamoja. Msiweke ratiba ya mwezi, msinunue kitabu. Muulize mwenzio, “Nikuombee nini?” halafu umsikilize bila kumkosoa, na uliombee lile alilolisema, siyo lile unalotaka abadilike. Dakika tano zinatosha. Likitokea neno lililowakwaza, simameni pale mlimalize. Wasimamizi wa ndoa, wapigieni watoto wenu wa ndoa. Msisubiri kikao cha usuluhishi. Mimi nimempigia yule mume pia, na nitaendelea kumpigia kutoka kwenye meli.

Najua wapo wanaosoma hili kwa machozi kwa sababu mwenzi hataki, au ametangulia mbele za haki, au hayupo kabisa. Msijione mmeachwa nje. Eunike alikuwa mwamini, mumewe alikuwa Myunani (Matendo 16:1), na hatusomi popote kwamba mume huyo alipiga magoti naye. Lakini alikuwa na imani moja na mama yake Loisi, na kijana wao Timotheo akawa na imani hiyo hiyo (2 Timotheo 1:5). Uliye naye nyumbani ndiye wa kuanza naye. Kama ni mjukuu wa miaka minne, mshike mkono mwombe kabla ya chakula. Kama uko peke yako kabisa, niandikie jina lako na hitaji lako. Kila usiku saa tatu, kwa saa za nyumbani, mimi na Baba Neema tutakuwa tukiomba, na tutakutaja.