Ganda la chuma kwenye bunduki kuukuu: anza na chemba

Ganda likinasa kwenye bunduki kuukuu ya nusu-otomatiki, wengi hulaumu vanishi iliyopakwa ganda, eti imeyeyuka kwa joto. Mara nyingi sivyo. Risasi inapolipuka, ganda la shaba njano hutanuka likaziba chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa), kisha hunywea na kuachia. Chuma ni kigumu zaidi, hakizibi vizuri, kwa hiyo masizi hupenya kandokando yake. Okota ganda ulitazame: likiwa jeusi kutoka mdomoni hadi karibu na kitako, masizi kama hayo yamebaki chembani.

Kosa linalong'oa vitako ni kupiga risasi nyingi za chuma, kisha kuweka za shaba bila kusafisha. Shaba hutanuka juu ya masizi na kung'ang'ania, huku ndoana inayovuta ganda ikichana ukingo wake.

SKS, bunduki ya Kisovieti, ilizaliwa na ganda la chuma. Ganda lake la 7.62x39 limechongoka, likirudi nyuma kidogo tu limeshaachana na kuta. Ganda la .30-06 la M1 Garand, bunduki ya Kimarekani, limenyooka zaidi, na bunduki yenyewe ilisanifiwa kwa shaba. Kwa Garand, uwe na ndoana na springi yake ya akiba kabla hujaanza.

SVT-40, bunduki nyingine ya Kisovieti, ina valvu inayopima gesi inayoendesha bunduki, yenye namba 1.1, 1.2, 1.3, 1.5 na 1.7. Usiiongeze ili kushinda chemba chafu! Boliti (kipande kinachofunga chemba na kuvuta ganda) itavuta mapema na kwa nguvu zaidi, wakati ganda bado limebanwa na presha, na ukingo utachanika. Safisha kwanza, kisha tumia namba ndogo kabisa inayotoa maganda bila kukwama.

Brashi ya mtutu haitoshi, kwani chemba ni pana kuliko mtutu. Hakikisha bunduki haina risasi, paka dawa ya masizi, subiri dakika 10, halafu zungusha brashi ya chemba, usiisukume tu mbele na nyuma. Futa hadi kitambaa kitoke kikavu. Mafuta yakibaki chembani, ganda halishiki kuta, na boliti hubeba mzigo wote.

Risasi za zamani za jeshi mara nyingi zina fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako) zinazoacha chumvi, na mafuta hayayeyushi chumvi. Siku hiyohiyo osha mtutu, bomba la gesi na pistoni kwa maji ya moto, kausha, ndipo upake mafuta. Kwenye SKS osha pia boliti: pini ya kufyatulia ikikwama mbele kwa uchafu, risasi inaweza kulipuka boliti inapofunga.

Ganda tupu likinasa, toa risasi zote zilizomo kwenye magazini, fungia boliti nyuma, ingiza fimbo ya kusafishia kutoka mdomo wa mtutu na uligonge polepole. Ikiwa iliyonasa ni risasi nzima, usiiguse kwa fimbo. Elekeza mtutu mahali salama na umwite fundi wa bunduki.